Mwanachama Mmoja wa Kawaida

Kra. Kra. Kra.

Kikombe cha bati kilikuwa kinakwangua kitako cha ndoo. Bibi Anastasia alifumbua macho gizani akasikiliza. Jogoo alikuwa bado, na kengele ya misheni ilikuwa bado. Alijua huyo ni Furaha, mke wa mwanawe Dominiko, ameinama jikoni na tumbo lake la miezi minane na ushee, anatafuta maji ya uji.

Ilikuwa siku ya tisa tangu tatizo la maji limalizwe rasmi.

Tangazo lilibandikwa kwa misumari kwenye mlango wa zahanati ya kijiji, ndani ya mfuko wa nailoni ili umande usiliguse. Lilikuwa na mihuri mitatu na lilisema hivi: "Klabu ya Mikono Wazi Morogoro Kati, kwa ushirikiano na Kanda ya Tatu, kwa uratibu wa Wilaya 88, na kwa baraka za Shirikisho la Mikono Wazi Duniani, inayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba tatizo la maji katika zahanati hii limekwisha kuanzia tarehe 30 Juni. Wananchi mnaombwa kufurahi kwa utulivu."

Wananchi walifurahi kwa utulivu. Kisha wakaendelea kuchota bondeni. Bomba la zahanati lilikuwa limechukuliwa na maporomoko wakati wa masika, na tangu hapo mama anayekwenda kujifungua alitakiwa aende na ndoo zake mbili, moja ya kabla ya mtoto na moja ya baada. Nesi Regina hakupenda sheria hiyo. Kila alfajiri yeye mwenyewe alipandisha kichwani ndoo ya tatu, kwa ajili ya wale wanaofika mbio bila chochote. Hakuwahi kumwambia mtu. Bibi Anastasia alikuwa amemwona, naye hakuwahi kumwambia mtu.

"Mama, nimekuamsha," Furaha alisema kutoka jikoni.

"Hujaniamsha. Nilikuwa naamka."

"Nesi amesema imebaki wiki moja na siku chache. Sijui hizo ndoo mbili nitazipata lini."

"Utazipata."

Bibi alifunga figiri na karoti kwenye tenga, akapita zahanati akalibandua lile tangazo kwa uangalifu, mihuri isichanike, akaanza kuteremka kwenda mjini. Aliona kwamba aliyetangaza maji lazima anajua yalipo.

*

Klabu ilikutana kila Alhamisi saa sita mchana, kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja mjini. Bibi Anastasia alipofika, karoti zimekwisha kuuzwa na miguu ina vumbi hadi magotini, aliwakuta watu kumi na mmoja waliovaa beji. Walikuwa wanatambulishana, ingawa walikutana pia Alhamisi iliyopita.

"Shikamoo, bibi," alisema dada mmoja mwenye daftari. Aliitwa Brenda, naye alikuwa Katibu. Kabla hajauliza shida, alivuta kiti, akamimina chai, akatia sukari vijiko vitatu bila kuuliza, kama mtu aliyelelewa na bibi. Bibi Anastasia aliliweka jambo hilo moyoni.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata maji." Akalikunjua tangazo.

Rais wa Klabu alisogea. Alikuwa mzee nadhifu aliyestaafu, Luqmani, mwenye sauti ya kusoma taarifa hata akiomba chumvi.

"Bibi, hongera sana. Mradi wenu ulikamilika kwa asilimia mia moja."

"Ahsante, baba. Bomba halijafika."

"Hilo ni suala la utekelezaji. Mimi nazungumzia ukamilishaji." Akakaa karibu yake, kwa upole kabisa. "Mfumo wa Shirikisho unafungwa tarehe thelathini mwezi wa sita. Mradi usiokamilika unaishusha klabu alama. Klabu ikishuka, Kanda inashuka. Kanda ikishuka, Wilaya inashuka. Sisi tungefanyaje?"

"Mngeleta bomba."

"Tungechelewa."

Wote walitikisa vichwa kwa huzuni.

"Basi lileteni leo," alisema bibi.

"Hapo sasa ndipo penye utaalamu. Kwenye mfumo, pale kwenu hakuna tatizo. Tukipeleka bomba leo, tutakuwa tumepeleka msaada kwa watu wasio na shida. Kifungu cha kumi na tisa kinakataza kabisa."

Bibi Anastasia alitafakari. Maneno yalipangika vizuri, na yule baba aliyasema bila ukali. Alipoweka kikombe mezani, goti lake liligusa kitu cha mviringo chini ya kitambaa. Akainua pindo. Lilikuwa bomba jeusi la plastiki, limeviringwa kama chatu aliyeshiba, na juu yake kumewekwa ubao, na juu ya ubao chupa ya chai.

"Si ndilo hili?"

"Ndilo. Ila usiliite bomba," alisema Rais Luqmani. "Bomba lilishapelekwa. Kwenye orodha ya mali, hii ni meza ya chai."

"Ni meza nzuri," alisema bibi, maana ilikuwa kweli.

"Nzuri sana," alisema Evance, Msimamizi wa Kengele, bwana mnene aliyekuwa akijisugua shingo. "Haiyumbi."

"Sasa wanangu, nani anaweza kuifanya iwe bomba tena?"

Rais Luqmani alimwongoza hadi ukutani, palipotundikwa chati kubwa ndani ya kioo. Wote waliinamisha vichwa upande mmoja, mpaka masikio yakakaribia mabega. Bibi naye akainamisha, kwa adabu. Chati ilikuwa imetundikwa miguu juu, maandishi yote yakining'inia kama popo.

"Huyu juu kabisa ni Rais wa Dunia," alisema Rais Luqmani, kichwa upande. "Chini yake Baraza la Dunia. Chini yake Gavana wa Wilaya. Halafu Kanda, halafu sisi."

"Wilaya hii ya Mkuu wa Wilaya?"

"Hapana bibi, hii ni ya Shirikisho. Ndani yake mna nchi nne."

"Nchi nne ndani ya wilaya moja?"

"Na visiwa."

"Mungu ni mkubwa," alisema bibi. "Na kwa nini imesimama kwa kichwa?"

"Ililetwa na kosa la kiwandani. Walimchapa Rais wa Dunia chini kabisa na mwanachama juu. Tuliona tusiwaaibishe. Tukaigeuza kimyakimya."

Evance alijisugua shingo. Alikaa mkabala na chati hiyo kila Alhamisi kwa miaka minne.

Wakati huo Brenda alikuwa anamtazama bibi kwa namna ya mtu aliyeona mwavuli wakati mvua inaanza. Akamnong'oneza Rais. Rais akamnong'oneza Rais Mteule, Rais Mteule akamnong'oneza Rais Mstaafu. Kisha wakamzunguka.

"Bibi," alisema Brenda, "Gavana anakuja Alhamisi ijayo kutukagua. Kanuni inataka klabu iwe na mwanachama wa kawaida. Walau mmoja. Asiye na cheo, wa kuhudumiwa na viongozi."

"Na ninyi hamna?"

"Tulikuwa naye. Gervas pale." Bwana mwembamba alipunga mkono. "Alinuna miezi miwili kwamba wenzake wote ni viongozi, tukamfanya Naibu Msimamizi wa Kengele."

"Kengele iko wapi?"

"Imekwenda kuchongwa jina," alisema Evance. "Kwa sasa tunagonga glasi."

"Nikiwa mwanachama, naweza kuulizia bomba?"

"Unaweza. Kwenye Mengineyo."

Basi Bibi Anastasia akakubali. Gervas alimfunga beji kwenye kitenge, akasema, "Bibi, ni kazi ya heshima, nimeifanya mwenyewe." Bibi alipoondoka, alikuta kwenye tenga lake tupu mtu ameweka mkate mzima. Hakujua ni nani. Aliwashukuru wote.

Nyumbani, Furaha aliitazama beji kwa muda mrefu.

"Mama, umefuata bomba umerudi na beji."

"Ni mwanzo."

"Nitajifungulia kwenye beji?"

Dominiko alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akachukua ndoo akateremka bondeni.

*

Alhamisi ya ukaguzi, Furaha aliamka ameshika kiuno. "Ni mgongo tu, mama. Nenda." Bibi Anastasia alikuwa amezaa watoto sita. Aliujua huo mgongo tu. Akamwambia Dominiko asitoke nyumbani, akateremka haraka kuliko magoti yake yalivyopenda, akafika kabla ya wote isipokuwa Brenda.

"Bibi, shikamoo, umeniokoa. Nifutie vumbi kwenye chati, mimi napanga viti kwa itifaki."

Bibi aliiteremsha chati akaifuta kwa upindo wa kitenge. Kusoma alifundishwa na masista wa misheni zamani, herufi moja moja, na kila herufi ilikuwa imesimama kwa miguu yake. Akamfikiria Evance na shingo yake. Basi alipoirudisha, aliitundika vile inavyosomeka, ili mtoto wa watu apumzike.

Viongozi wakaingia mmoja mmoja. Kila mmoja aliitazama chati, akainamisha kichwa kama kawaida, akaketi. Rais Luqmani aliikaribia kabisa, sikio begani.

"Imetakata," alisema.

Gavana Agustino aliwasili na suti ya kijivu, skafu yenye nembo na viatu vilivyong'aa mpaka mtu aweze kunyolea ndevu. Utambulisho ulichukua dakika arobaini. Kila aliyesimama alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kuanzia mwanzo. Bibi Anastasia hakusalimiwa, kwa kuwa mwanachama wa kawaida hakuwemo kwenye orodha ya kusalimiwa. Hakuona vibaya. Mgeni alikuwa na mengi kichwani.

"Mradi wenu wa maji umetutoa kimasomaso," alisema Gavana. "Nimeonyesha picha yake ukumbini mbele ya watu mia nne. Walisimama."

"Picha ya nini, baba?" aliuliza bibi.

"Ya tangazo."

Evance aligonga glasi. Brenda akasoma, "Mengineyo."

Bibi Anastasia aliinuka, akaishika beji yake.

"Wanangu, tangu Alhamisi iliyopita mmenitunza. Chai nimekunywa, mkate mmenipa. Lakini mke wa mwanangu ameamka na uchungu asubuhi hii, na zahanati hawampokei bila ndoo mbili, na bondeni ni mbali. Siwezi kuwa mwanachama na kuchota maji siku moja. Naomba mnitoe." Akaifungua beji, akaiweka juu ya meza ya chai, taratibu, isikwaruze.

Gavana akageuka.

"Katibu, mna wanachama wa kawaida wangapi?"

"Mmoja, Mheshimiwa."

"Akitoka?"

"Klabu inafutwa. Wilaya ina klabu thelathini, ndicho kiwango cha chini. Zikibaki ishirini na tisa, siyo Wilaya tena. Ni Kanda."

"Na Kanda haina Gavana," alisema Gavana polepole.

"Haina, Mheshimiwa. Ina mratibu. Anatumia simu yake mwenyewe."

Gavana alitoa leso. "Hakuna anayetoka! Mama, keti. Unataka nini?"

"Hiyo meza."

Gavana akainua kitambaa. "Hili si bomba?"

"Ni meza, Mheshimiwa," alisema Rais Luqmani, "hadi ngazi husika itakapoelekeza vinginevyo."

"Basi mimi siwezi. Lazima niandikie Baraza, Baraza liandike kwa wa juu kabisa." Akainamisha kichwa upande, kama walivyozoea wote, akanyoosha kidole kwenye kisanduku cha juu. "Huyu ndiye mwenye idhini."

Bibi Anastasia alifanya alivyofundishwa na masista: alisoma pale kidole kilipo.

"Mwa-na-cha-ma."

Vichwa kumi na viwili vikanyooka kwa pamoja. Shingo ya Evance ililia ka!, akashangaa, akaigeuza kulia, akaigeuza kushoto, machozi ya faraja yakamlenga.

"Nani amelipindua Shirikisho?" alipaza sauti Rais Luqmani.

"Mimi, baba. Lilikuwa linaumiza watu."

"Lirudishwe mara moja! Hata ofisini kwangu liko vile," alisema Gavana, kisha akatamani asingelisema.

Brenda alikuwa ameshasogea. Chini kabisa ya chati, mahali ambapo kwa miaka minne palikuwa juu sana na maandishi yamepinduka, palikuwa na mstari mdogo. Akausoma kwa sauti ya ukatibu, isiyo na kosa: "Chati hii itundikwe kama ilivyochapwa. Kila aliye chini anambeba aliye juu yake." Akashuka na kidole. "Imetiwa saini na Rais wa Dunia."

Hakuna aliyeweza kubishana na saini hiyo, maana kwa hesabu yoyote ile ilikuwa ya mkubwa wao.

"Kwa hiyo idhini ni ya mwanachama," alisema Gavana.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Yupi?"

"Tunaye huyohuyo."

Gervas aliichukua beji mezani, akamfunga bibi tena.

"Naidhinisha," alisema Bibi Anastasia. "Ila gari linaishia Bigwa, chini ya mlima. Kutoka pale ni mabegani."

"Tutatafuta vibarua," alisema Rais Luqmani.

"Maandishi hayasemi vibarua," alisema Gervas. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufurahia kanuni.

*

Huku mlimani bomba refu halibebwi likiwa limeviringwa. Linakunjuliwa, watu wanajipanga, kila mmoja anapata kipande chake begani, na msafara unapanda kama siafu. Bibi Anastasia aliwapanga pale Bigwa. Itifaki ilizingatiwa. Mwanachama alitangulia, mikono mitupu. Akafuata Gervas, kisha Evance, wakifuatana kwa vyeo vinavyokua hadi Rais Luqmani. Gavana, kwa ukubwa wake, alikuwa mwisho.

Kwenye mpando, bomba huteleza nyuma. Uzito wote unamlalia wa mwisho.

"Mbona zito hivi?" Gavana alilia kutoka kwenye kona ya pili.

"Ni la Wilaya nzima, Mheshimiwa," Gervas alijibu kutoka mbele.

Walikutana na akina mama wanaoteremsha kabichi. Mmoja aliweka tenga chini ili acheke vizuri.

"Mama Dominiko! Hawa wenye tai umewaokota wapi?"

"Ni wangu," alisema bibi. "Niko juu yao."

"Muwe na adabu, vijana! Msimchoshe!"

Bibi alikuwa akigeuka kila kona kuwatazama. Aliona Rais Luqmani, ambaye pumzi zake zilikuwa zinapiga filimbi, akiinua begani kipande cha Brenda bila kusema neno. Aliona Evance akipanda shingo wima, mtu mpya. Na kwenye kona ya tatu, Gavana alipoanguka kwa magoti kwenye tope bila kuliachia bomba, aliinua uso akamwona bibi kizee mbele yake, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Bado kidogo."

Haikuwa kidogo. Lakini alimwambia hivyo kwa huruma.

Nesi Regina aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni. Tangu mchana Dominiko alikuwa amekwishamfikisha Furaha, akiwa na ndoo moja tu, nyingine imemwagika njiani. Nesi alilitazama bomba, akaitazama misumari mlangoni palipokuwa na tangazo.

"Karibuni. Bomba la nini tena? Mbona tatizo lilikwisha?"

Rais Luqmani alifungua kinywa ataje kifungu.

"Limeanza tena," alisema Gavana.

"Lini?"

"Nadhani kwenye ile kona ya pili."

Dominiko na majirani walikuwa na vibana na mpira tangu masika, walichokosa ni bomba. Wakaliunga pale lile la zamani lilipokatika. Jua la jioni lilikuwa bado halijaugusa mlima bomba lilipokohoa, likatema tope, likatema upepo, kisha likatulia na maji yakaja meupe. Nesi Regina aliweka viganja viwili chini yake, akasimama hivyo kwa muda, mtu ambaye kesho asubuhi hapandishi ndoo. Kisha akaingia ndani haraka.

Walikaa wote kwenye benchi la nje, viatu vimevuliwa, soksi zimeanikwa kwenye ua. Hakuna aliyetambulishwa. Baada ya muda mrefu kilio kimoja chembamba kikatoka dirishani, cha hasira kabisa, na Dominiko akaketi chini palepale alipokuwa amesimama.

"Msichana," Nesi Regina alisema akichungulia. "Mama mzima. Tumemwosha, na maji yanabaki."

Gervas alipiga makofi. Wengine wakafuata bila kugongewa glasi.

Bibi Anastasia alikwenda kuchota kwa kata, akammiminia Gavana maji mikononi, kama anavyomiminiwa mgeni. Gavana alinawa tope kidole kwa kidole. Alikuwa anawaza.

"Mama. Kwenye ile chati, Rais wa Dunia yuko wapi?"

"Chini kabisa, baba. Chini yako."

"Nyuma yangu, yaani."

"Nyuma yako."

Gavana akageuka kwa Brenda. "Katibu, mradi huu ulikuwa na tenki?"

"Lita elfu mbili, Mheshimiwa. Liko hotelini. Kwa sasa ni stendi ya maua."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Gavana alitabasamu. Akatazama njia waliyopandia, mpaka kule inakopotea kwenye migomba. "Rais wa Dunia anakuja ziara mwezi wa tisa," alisema. "Ni mtu wa mwili. Atafaa."

"Aje," alisema Bibi Anastasia. Akamimina maji yaliyobaki kwenye miguu ya Gavana, akamtazama usoni, kisha akawatazama wote waliokaa benchi na soksi zao. "Ila msimwache aje peke yake, mtu wa watu. Na ninyi mje tena, wanangu. Mtoto hajawaona vizuri, na Mengineyo hatujayafunga."